Kioo, Bilauri na Fuwele: Istilahi za Kiswahili na Vioo Vilivyofuweleshwa Kiasi

1. Utangulizi

Vingunguti, jijini Dar es Salaam, ni eneo ambalo karakana ndogo na viwanda vikubwa hupakana, kati ya Barabara ya Nyerere na Bonde la Mto Msimbazi. Katika karakana za aina hiyo, fundi wa vioo hulaza kioo mezani, hupima kwa rula, hupitisha kikatio mara moja tu, kisha hukibana kioo kwenye ukingo wa meza na kukivunja kwa mkono. Kioo hukatika palepale kilipochorwa. Kazi hiyo huwezekana kwa sababu ndani ya kioo hakuna tabaka wala mishipa ya kuupotosha ufa.

Hebu ichukuliwe kwamba mteja anafika kwa fundi huyo na jiko la umeme ambalo uso wake wa juu, mweusi na laini, umepasuka. Anaomba akatiwe kioo kingine cha ukubwa uleule. Kwa upande wa lugha, ombi hilo halina kasoro yoyote: uso wa jiko huitwa kioo, na kilichopo karakanani ni kioo. Kwa upande wa sayansi, hata hivyo, ombi hilo ni la hatari. Kioo cha dirisha kikiwekwa juu ya jiko la namna hiyo kitapasuka mara joto litakapopanda upande mmoja na kubaki chini upande wa pili. Uso wa jiko haukutengenezwa kwa kioo cha kawaida, bali kwa maada ambayo sehemu yake kubwa imegeuzwa kuwa fuwele na sehemu ndogo imebaki kioo.

Suala hili si dogo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034, na umeme ni mojawapo ya nishati hizo. Kadiri majiko ya umeme yanavyoongezeka, ndivyo neno moja la kioo litakavyozidi kubebeshwa vitu ambavyo havifanani kwa tabia. Mhadhara huu unakusudia kueleza maada hiyo ni nini, imeundwaje na hupitishaje umeme. Na wakati huohuo kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kuitaja bila kumpotosha mwanafunzi wala fundi.

2. Kioo na bilauri katika leksimu ya Kiswahili

Nomino kioo, ya ngeli ya KI-VI, hubeba dhana zisizopungua tatu. Kwanza ni maada yenyewe, kama katika mlango wa kioo. Pili ni bapa la maada hiyo, kama kioo cha dirisha. Tatu ni kifaa cha kujitazamia. Dhana hii ya tatu ndiyo iliyowapa wahakiki kauli mashuhuri kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Vyombo vinavyotokana na maada hiyo vina majina mengine: chupa, glasi, bilauri. Ndiyo maana kiwanda cha Dar es Salaam kinachotengeneza chupa kinaweza kuitwa Kioo Limited pasipo mtu kudhani kwamba kinatengeneza vioo vya kujitazamia. Jina lake limetokana na maada, si na zao.

Neno bilauri lina historia yenye funzo. Limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako hutaja jiwe angavu la fuwele, na Kiarabu chenyewe kinahusishwa na Kigiriki katika neno hilo. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, bilauri ni chombo cha kunywea maji. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, kwenye Kitabu cha Ufunuo, neno hilohilo limehifadhi maana ya jiwe angavu. Kwa hiyo jina la fuwele lilihamishiwa kwenye chombo ambacho, kwa mtazamo wa fizikia, hakina fuwele hata moja. Lugha za Ulaya nazo zimefanya vivyo hivyo: glasi za thamani huitwa kwa jina la fuwele kwa sababu ya mng'ao wake tu. Wazungumzaji walioyapa vitu hivyo majina walitazama uangavu. Sayansi ya karne ya 20 ilitazama mpangilio wa ndani, na hapo ndipo majina na vitu vilipoachana.

3. Mpangilio na ukosefu wa mpangilio

Mchanga mweupe, kwa sehemu kubwa, ni muungano wa silikoni na oksijeni. Kila atomu ya silikoni hushikana na atomu nne za oksijeni, na kila oksijeni huwa daraja kati ya silikoni mbili. Katika chembe ya mchanga, ambayo ni fuwele, vifungu hivyo hujirudia kwa utaratibu usiobadilika, kama matofali ya ukuta uliojengwa kwa ustadi. Mtu akijua mahali lilipo tofali moja, anaweza kukisia mahali lilipo tofali la elfu.

Katika kioo vifungu ni vilevile, ila utaratibu wa mbali haupo. Kila silikoni bado ina oksijeni zake nne, lakini pembe za madaraja hutofautiana, hivyo baada ya hatua chache ukisiaji hauwezekani tena. Maelezo haya ya kioo kama wavu usio na mpangilio yalitolewa na W. H. Zachariasen mwaka 1932, na hadi leo ndiyo msingi wa elimu ya vioo. Kwa mfano wa lugha, inaweza kusemwa kwamba kioo na fuwele vina msamiati mmoja, ila fuwele imefuata arudhi na kioo ni nathari.

Ili mchanga uyeyuke kwa joto ambalo tanuri la kiwanda linaweza kulistahimili, huongezwa magadi, na ili kioo kisiyeyuke katika maji huongezwa chokaa. Afrika Mashariki inayajua magadi hayo vizuri. Ziwa Magadi nchini Kenya limechimbwa kwa ajili hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kioo cha kawaida cha chupa au dirisha huwa na takribani asilimia 70 hadi 74 ya silika, asilimia 12 hadi 15 ya oksidi ya sodiamu, na sehemu iliyobaki huwa zaidi ni chokaa. Sodiamu hukata baadhi ya madaraja ya oksijeni na kukaa katika nafasi zinazoachwa wazi. Haikushikwa kwa nguvu kama silikoni. Jambo hilo dogo ndilo lenye kueleza tabia ya kioo mbele ya umeme.

4. Kufuweleka na kufuweleshwa

Kioo kilichoyeyuka kikipozwa polepole mno, au kikikaa muda mrefu katika joto la kati, atomu zake hupata nafasi ya kujipanga. Fuwele huanza kuota, mara nyingi kwenye uso au penye uchafu. Katika kiwanda cha chupa tukio hilo ni hasara: chupa hupata mabaka, hupoteza uangavu na huwa dhaifu. Kwa karne nyingi wahunzi wa kioo walilihesabu kuwa ni ugonjwa wa kioo.

Mwaka 1739 mwanasayansi Mfaransa Réaumur alijaribu kuugeuza ugonjwa huo kuwa dawa. Alizifukia chupa katika mchanga na jasi, akazipasha moto kwa muda mrefu, akapata vyombo vyeupe vinavyofanana na kauri. Hakuweza kuutawala mwoto wa fuwele, nazo zilianzia nje na kukua ovyo kuelekea ndani. Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1953 nchini Marekani, katika maabara ya kampuni ya Corning. S. Donald Stookey aliweka tanurini bapa la kioo chenye lithiamu na chembe za fedha, akikusudia joto la nyuzi 600 za Sentigredi. Tanuri liliharibika, likafika nyuzi 900. Stookey alitarajia kukuta kioo kimeyeyuka na kutandaa. Badala yake alikuta bapa jeupe lililobaki na umbo lake. Lilipomponyoka kutoka kwenye koleo na kuanguka sakafuni, lililia kama chuma na halikuvunjika.

Chembe za fedha ndizo zilizokuwa mbegu. Kila chembe ilianzisha fuwele yake, na kwa kuwa mbegu zilikuwa nyingi mno na zimeenea ndani yote ya kioo, hakuna fuwele iliyopata nafasi ya kuwa kubwa. Tangu hapo utaratibu umekuwa wa hatua mbili: joto la chini la kuotesha mbegu, kisha joto la juu la kukuza fuwele. Mbegu zinazotumiwa mara nyingi siku hizi ni oksidi za titani na za zirkoni. Katika uso wa jiko la umeme fuwele huwa na ukubwa wa makumi ya nanomita tu, ndogo kuliko urefu wa mawimbi ya nuru, na kwa sababu hiyo maada hiyo huweza kubaki angavu ingawa sehemu yake kubwa ni fuwele.

Faida za kimuundo ni mbili. Kwanza, ufa unaopita kwa urahisi katika kioo hukutana na fuwele, hulazimika kupinda, na kila kona huupunguzia nguvu. Kwa hiyo meno bandia ya lithiamu na silika, yanayotengenezwa kwa njia hii, huhimili utafunaji ambao kioo cha kawaida kisingeuhimili. Pili, baadhi ya fuwele za lithiamu, alumini na silika husinyaa kidogo zinapopashwa moto, ilhali kioo kilichobaki kati yake hutanuka. Vikichanganywa kwa kiasi sahihi, hufutana. Kipande cha mita 1 cha kioo cha dirisha kikiongezewa joto la nyuzi 100 hurefuka kwa takribani milimita 0.9, cha uso wa jiko hakifikii hata sehemu ya kumi ya urefu huo. Hiyo ndiyo sababu jiko huweza kuwa jekundu katikati na baridi pembeni bila kupasuka, na ndiyo sababu kioo cha dirisha hakiwezi kuchukua nafasi yake.

Ni vyema kutahadharisha kwamba kioo kilichokazwa kwa kupozwa ghafla, ambacho huwekwa kwenye milango na juu ya baadhi ya majiko ya gesi, si cha aina hii. Hicho ni kioo kitupu, hakina fuwele. Nguvu yake hutokana na mkazo uliobanwa kwenye ngozi yake, na fundi akijaribu kukikata hugeuka punje mara moja. Kwa maana hiyo, neno kioo hutaja karakanani maada tatu ambazo kila moja inahitaji kutendewa kivyake.

5. Umeme ndani ya kioo

Wanafunzi hufundishwa kwamba kioo ni kihami. Ukweli huo una mpaka. Katika joto la kawaida kioo huzuia umeme vizuri kiasi cha kutundikiwa nyaya za njia kuu. Kikipashwa moto hubadilika. Sodiamu ambayo haikushikwa kwa nguvu huanza kuruka kutoka nafasi moja hadi nyingine, na kwa kuwa kila ioni ya sodiamu imebeba chaji, mruko huo ni mkondo wa umeme. Kioo kilichoyeyuka hupitisha umeme vizuri kiasi kwamba yapo matanuri yanayopasha kioo kwa kuupitisha mkondo ndani ya kioo chenyewe.

Kioo kikifuweleshwa kiasi, swali huwa: zile ioni zinazosafiri zimekwenda wapi? Majibu ni mawili, na yanapingana. Ikiwa fuwele zinazoota huzichukua ioni na kuzifunga katika ukuta wake, kioo kinachobaki hupungukiwa na wasafiri, na maada nzima huwa kihami bora kuliko ilivyokuwa. Ikiwa fuwele zinazoota zina vichochoro vipana ndani yake, ioni hupita kwa urahisi kuliko katika kioo, na maada hugeuka kipitishi. Mwaka 1997 Jie Fu, akiwa Japani, alieleza kioo cha fosfati chenye lithiamu, alumini na titani ambacho, baada ya kufuweleshwa, kilipitisha ioni za lithiamu kwa kiwango cha takribani sehemu moja ya elfu ya simensi kwa sentimita katika joto la chumba. Maada za jamii hiyo zimekuwa zikichunguzwa kwa ajili ya betri zisizo na kimiminika kinachoweza kushika moto.

Kiasi cha fuwele nacho kina uzito wake. Wakati wa masika, vichochoro vya bondeni Msimbazi hujaa maji, na wakazi hupanga mawe na viroba vya mchanga ili wavuke. Mawe matano yaliyotawanyika hayamsaidii mtu, naye hulazimika kuingia majini. Yakiongezeka hadi yakaribiane, ghafla njia nzima hupatikana kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ndivyo zilivyo fuwele zinazopitisha umeme: chini ya kiasi fulani huwa visiwa, na mkondo hulazimika kupita katika kioo, juu ya kiasi hicho hugusana, na upitishaji hupanda kwa haraka. Lakini pale zinapogusana hubaki utando mwembamba wa kioo, na mara nyingi utando huo ndio unaokwamisha safari. Ili kutenganisha ukinzani wa fuwele na ukinzani wa tando hizo, wachunguzi hutumia mkondo geu wa marudio mbalimbali. Marudio ya juu huonesha tabia ya ndani ya fuwele, kwa kuwa ioni huenda hatua fupi na kurudi kabla ya kufika mpakani. Marudio ya chini huonesha pia vikwazo vya mipaka.

Maelezo haya yana matokeo jikoni. Uso wa jiko ukiwa wa moto, uwezo wake wa kuhami hupungua. Na ukiwa na ufa, majimaji ya chakula huweza kupenya hadi kwenye sehemu zenye umeme. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo huagiza jiko lizimwe mara uso wake unapopasuka, ili mtumiaji asipigwe na umeme. Msomaji anayedhani kwamba kioo ni kihami daima hataona sababu ya agizo hilo.

6. Maada hii iitweje?

Desturi ya uundaji wa istilahi inayohusishwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, ni kuanzia ndani ya Kiswahili sanifu, kisha lahaja, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kukopa kutoka mbali. Njia hiyo ndiyo iliyotupatia bunge kutoka Kiha na ngeli kutoka Kihaya. Kwa maada inayojadiliwa, mapendekezo matatu yanastahili kupimwa.

Pendekezo la kwanza ni utohoaji: glasi-seramiki. Faida yake ni kufanana na istilahi ya kimataifa. Udhaifu wake ni kwamba haimwelezi mwanafunzi chochote, na zaidi ya hayo, glasi kwa Mswahili ni chombo cha kunywea, si maada.

La pili ni tafsiri mkopo: kioo-kauri. Hili linavutia. Kauri ni simbi wa baharini, na pia ni maada ya vikombe na sahani. Na kwa sadfa ya kupendeza, jina la maada hiyo katika lugha za Ulaya lilitokana na neno la Kiitaliano lenye kutaja simbi huyohuyo. Hata hivyo, kikombe cha kauri huanza kama udongo wenye fuwele ambao sehemu yake huyeyuka na kuwa kioo. Uso wa jiko huanza kama kioo kitupu ambacho sehemu yake hugeuka fuwele. Safari ni mbili zinazokutana njiani, na jina kioo-kauri huficha mwelekeo wa safari.

La tatu ni uambatanishaji wa kioo na fuwele: kioofuwele, wingi vioofuwele. Fuwele ni istilahi iliyokwisha kuzoeleka katika vitabu vya kemia na fizikia, na neno kuu limetangulia kama ilivyo katika mbwamwitu. Ubora mkubwa wa pendekezo hili, hata hivyo, unaonekana katika unyambulishaji. Kama bora ilivyozaa boresha na boreka, ndivyo fuwele inavyoweza kuzaa fuwelesha na fuweleka. Irabu ya kiambishi ni e, wala si i, kwa kanuni ya upatanifu wa irabu, kwa kuwa irabu ya mwisho ya shina ni e.

Kila mwanafunzi wa sarufi ameulizwa tofauti ya kikombe kimevunjika na kikombe kimevunjwa. Kauli ya kutendeka huacha tukio bila mtendaji. Kauli ya kutendwa humdokeza mtendaji hata asipotajwa. Tofauti hiyohiyo ndiyo iliyowatenganisha wahunzi wa kale na Stookey. Chupa iliyoharibika tanurini imefuweleka. Uso wa jiko umefuweleshwa. Lugha nyingi huhitaji vifungu virefu ili kutenganisha hitilafu na ufundi. Kiswahili hufanya hivyo kwa mofimu. Ni kweli kwamba kauli ya kutendeka hubeba pia maana ya uwezekano, hivyo kioo kinachofuweleka huweza kufahamika kuwa ni kioo chenye uwezo wa kufuweleshwa. Utata huo, hata hivyo, huondolewa na njeo: kimefuweleka haina shaka.

7. Hitimisho

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Zaidi ya miongo mitatu baadaye, fizikia ya shule za sekondari za umma nchini Tanzania bado hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali jiko huuzwa, hutumiwa na kupelekwa kwa fundi kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Vingunguti anaweza kuifahamu ioni darasani kwa lugha moja, kisha akarudi nyumbani asiwe na neno la kumweleza mama yake kwa nini ule uso uliopasuka usiguswe.

Si kweli kwamba Kiswahili hakiwezi kulieleza jambo hili. Kina fuwele, kihami, kipitishi, ukinzani na ioni. Na kina vinyambuo ambavyo sayansi yenyewe inavihitaji. Kinachokosekana ni mazoea ya kuvitumia nje ya kamusi. Istilahi isiyofika karakanani hubaki orodha tu. Siku fundi atakapoligonga bapa kwa kucha, akalitazama kwenye nuru, akamjibu mteja kwamba hilo si kioo bali ni kioofuwele, na kwamba karakana yake haina cha kulibadilishia, hapo ndipo uundaji wa istilahi utakapokuwa umetimiza wajibu wake.